Mkia wa Karani Ngiri

Wanyama wa kando ya Tana, upande wa Garissa, walikuwa na malka nane na mamba mmoja. Serikali yao yote ilijengwa juu ya hesabu hiyo.

Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni, na huku haipatikani ovyo. Kingo za Tana zimezibwa na mashamba ya migomba na miembe, na pale mashamba yanapoishia, miti ya mathenge imefungamana hata nyoka huomba radhi kabla ya kupita. Mbuzi hawezi kuamka tu na kusema leo nitanywea pale. Atapita penye njia, au atapita kwenye miiba na kuacha ngozi. Malka zile zilikuwa na majina, lakini barazani zilitajwa kwa namba, kwa sababu kila ukoo ulikuwa na majina yake na ubishi wa majina ulikuwa umeshakula vikao vya kutosha.

Mamba naye alikuwa mzee na hakuwa na mbio. Alihitaji kujua jambo moja tu: kesho watanywea wapi? Akilijua, angefika usiku, ajilaze pale, pua nje, na kusubiri kiamshakinywa kishuke chenyewe.

Mwanzoni wazee waliamua kwa mashauriano. Kila ukoo ulitaka malka iliyo karibu nao, wakabishana hadi adhuhuri, kisha wakapatana kwa iliyo katikati. Ya nne au ya tano. Mamba hakuhitaji hata mpelelezi. Wakabadilisha: leo ya kwanza, kesho ya pili, hivyo hivyo hadi ya nane, kisha warudi mwanzo. Mamba akajifunza kuhesabu hadi nane. Ndipo Nyani akajitolea. "Niachieni mimi, nitakuwa nachagua kutoka kichwani, bila mpango wowote." Akachagua kweli bila mpango. Ila kwa kuogopa kuonekana ana mpango, hakutaja malka ileile siku mbili mfululizo hata mara moja, na ya kwanza na ya nane alizikwepa kwa kuwa aliziona ziko pembeni mno. Mamba akabaki na tano za kubahatisha badala ya nane. Kwa mnyama anayeweza kukaa miezi bila kula, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Aliyepata ufumbuzi ni Hirola. Hirola ni swala wa huku. Kwao ni nchi hii kati ya Tana na mpaka wa Somalia, na wengi wao sasa wako Ijara, baadhi wakizungushiwa uzio wa hifadhi ya Ishaqbini tangu mwaka 2012. Chini ya kila jicho ana tezi inayofanana na jicho jingine, na ndiyo maana watu humwita swala wa macho manne. Maji hayamsumbui sana, majani humtosha. Barazani walimvumilia kwa sababu ya uzee wa ukoo wake, si kwa wingi wa kura zake.

"Mzee Twiga," alimwambia mwenyekiti wa baraza, "tumekuwa tukimtafuta mwenye hekima ya kuchagua. Tumtafute asiyejua mwenyewe atakachofanya."

Na Garissa haikosi mnyama wa namna hiyo. Marabu, korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni, amekaa mjini kuliko madiwani. Anakojua kuliko kote ni machinjioni. Hula utumbo, kwato, mifupa, mfuko wa plastiki ulionuka nyama, kisha hupanda juu ya mgunga na kutulia, na wakati wowote, bila salamu, huachilia. Walichofanya ni kutandika ngozi ya ng'ombe chini ya mgunga na kuigawa miraba minane kwa mkaa. Tone likianguka kwenye mraba wa tatu, leo ni malka ya tatu. Ngozi ikazungushwa kila baada ya tone ili tawi analolipenda lisipendelee mraba mmoja.

Usicheke. Fikiria ni mambo mangapi yaliamua tone lianguke wapi: upepo wa mtoni, alichokula, kiasi alichokula, ugomvi na jirani wa tawi la juu. Mamba angeweza kumtazama Marabu mchana kutwa asiambulie kitu, kwa sababu Marabu mwenyewe hakuwa na habari.

Ilibaki kupata wa kuisoma ngozi. Wakamchagua Ngiri, kwa sababu mbili. Kwanza, Ngiri anapokula hupiga magoti, basi kupiga magoti mbele ya ngozi na kuangalia karibu hakukumtia haya. Pili, mitaa ya huku hakuna anayemtaka kwa kitoweo, kwa hiyo hakuna wa kumtisha wala wa kumhonga kwa kumwahidi usalama. Akawa Karani Ngiri. Kazi yake ilikuwa kwenda machinjioni alfajiri na adhuhuri, kusoma, na kukimbia kurudi barazani kumpa Kanga, mpiga mbiu, namba ya siku.

Kulikuwa na sharti moja, nalo ndilo lenye hekaya hii. Ngiri akikimbia husimamisha mkia wima. Ni maumbile yake. Baraza likaona itumike: akirudi na kura, mkia uwe juu, akirudi bila kura, mkia auangushe. Jambo hili liliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, ukurasa wa pili, likapigiwa makofi, na halikusomwa tena.

Miezi ikapita vizuri. Mamba akakonda hadi mawe aliyoyameza zamani yakawa yanasikika yakigongana tumboni anapogeuka. Twiga, mwenyekiti, aliyetoka Bour-Algi ambako twiga wana hifadhi yao karibu na mji, alikuwa akihutubia wageni kwamba hapa tumeondoa tatizo la Mamba kwa teknolojia ya kienyeji. Twiga huona mbali sana. Vilivyo miguuni pake huviona kwa shida.

Kisha Jilaal ikaingia.

Jilaal ni kiangazi cha mwanzo wa mwaka, kabla mvua za Gu hazijafika. Joto la mchana Garissa hupita nyuzi 35, na ndege mkubwa mwenye mgongo wa giza aliyekaa juu ya mti usio na majani hana pa kukimbilia. Marabu ana dawa yake: hujinyea miguuni. Majimaji yale yakikauka huondoka na joto, naye akapoa. Ndiyo sababu miguu yake, ambayo kwa asili ni myeusimyeusi, huonekana imepakwa chokaa. Hii si siri. Wataalamu wa ndege wanaijua tangu zamani. Baraza halikuijua kwa kuwa halikuwahi kumuuliza Marabu anaishije. Lilitaka atoe tu. Basi saa zilezile ambazo koo zote zilikuwa na kiu kali, na kura ya adhuhuri ilikuwa ya lazima, ndizo saa ambazo Marabu alikuwa akitumia bidhaa yake mwenyewe.

Siku ya kwanza Ngiri alipiga magoti mbele ya ngozi tupu na kusubiri. Hakuambiwa asubiri hadi lini. Akasubiri hadi magharibi. Huko barazani koo nzima zilisimama juani zikitazama njia, ndama wakaanza kulala chini, na Punda, ambaye ana mkokoteni wa madebe na wateja mjini, akauliza kama kuna serikali.

Ngamia hakuona tatizo. "Abti," alimwambia Punda, "kura ya kweli hungojewa. Ikija leo, tutakunywa leo. Ikija keshokutwa, tutakunywa keshokutwa."

"Wewe utakunywa keshokutwa," Punda akajibu. "Mimi keshokutwa nitakuwa chakula cha huyo huyo mpiga kura wenu."

Likapitishwa azimio kwamba kusubiri kuwe na kikomo. Kiasi gani? Karibu na mgunga palikuwa na mkoma, na karibu na mkoma palikuwa na jiwe. Wakasema: uvuli wa mkoma ukifika kwenye jiwe, Karani arudi. Kwa nini jiwe lile? Kwa sababu lilikuwepo. Hakuna aliyepima Marabu hukaa muda gani kati ya tone na tone wakati wa baridi, wala wakati wa joto. Nimesoma sheria nyingi zenye muda ndani yake, na aghalabu ukichimba chini unakuta jiwe lililokuwepo.

Kuweka kikomo lilikuwa jambo la busara, na sitaki Ngamia anifikirie kwamba namcheka. Lakini kikomo huzaa swali jingine, na swali hilo baraza halikulijibu: uvuli ukifika, ngozi ni tupu, Karani arudi na nini?

Mkia aliujua. Aliuangusha, kama kumbukumbu za kikao zilivyosema. Akakimbia hivyo, jambo ambalo kwa Ngiri ni aibu ya mwili mzima. Akafika mbele ya Kanga. Kanga alikuwa amepanua mdomo tayari, shingo imenyooka, koo zote zimemkodolea macho.

"Namba?"

Ngiri hakuwa na namba. Lakini aliulizwa namba, mbele ya umma, na mwenyekiti akimtazama kutoka juu. Kwenye ngozi tupu jicho huanzia pale mraba wa kwanza ulipo.

"Ya kwanza," akasema.

"Malka ya kwanza!" Kanga akapaza, na sauti ya Kanga huijui kama hujawahi kuamshwa nayo. Koo zikashuka. Vumbi likapanda. Mkia wa Ngiri ulikuwa umening'inia ndani ya vumbi hilo, ukisema kweli yote bila kukosea, na hapakuwa na jicho hata moja lililoelekea huko. Kila mmoja alikuwa akitazama mdomo.

Siku hiyo haikufa hata nzi. Ndivyo makosa ya aina hii yalivyo; hayadai malipo siku ya kwanza. Mamba alikuwa malka ya sita. Aliwaona kwa mbali, akajiuliza. Siku ya pili ya joto kali, tena ya kwanza. Ya tatu, tena ya kwanza. Siku za mawingu, namba ziliruka huku na huko kama zamani. Mamba hakuwahi kuiona ngozi, hakumjua Marabu, wala hakuwa na rafiki barazani. Alitoa pua nje ya maji tu, akasikia hewa: ikiwa moto, huenda malka ya kwanza na kulala.

Akachukua mwanambuzi. Baada ya siku chache akachukua kihongwe wa Punda, kisha kuro jike aliyekuwa na mimba.

Wazee walisema ni kudura. Ukoo wa Mbuzi ukadai fidia, na Mamba akaitwa kwenye maslaha, kikao cha suluhu. Alikuja, akaapa, akalia machozi kama ilivyo desturi ya ukoo wake, akakubali kulipa diya ya ngamia watano ambao hakuwa nao, akarudi majini.

Punda hakuridhika. Akadai uchunguzi, na serikali haikatai uchunguzi. Ikaundwa kamati ya wanyama saba, wakakaa siku tatu kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, posho ikalipwa. Mtaalamu wao alikuwa Tumbili. Alikwenda machinjioni asubuhi na mapema, kukiwa na ubaridi na Marabu amekula vizuri, akakusanya matone mia moja, akayapanga kwa miraba. Yalikuwa yamesambaa kwa haki bin haki: hakuna mraba uliopendelewa, hakuna mfuatano, hakuna dalili ya mkono wa mtu. Cheti kikatolewa. Ripoti ikasema chanzo cha kura ni safi na kwamba Karani Ngiri hajawahi kurudi mikono mitupu hata siku moja tangu aajiriwe, akapendekezwa atunukiwe.

Ripoti ile ilikuwa ya kweli neno kwa neno kuhusu matone. Tatizo lilikuwa kwenye siku ambazo hapakuwa na tone, na tone lisiloanguka huwezi kulipanga kwenye jedwali.

Niwageukie kidogo wale wanaofanya kazi na kompyuta, maana naona wameshaanza kujikuna. Ndani ya simu yako mna Marabu. Ni kipande cha saketi kinachosikiliza mtikisiko mdogo wa umeme usiotabirika na kuugeuza kuwa namba za kubahatisha, na kutoka kwenye namba hizo hutengenezwa funguo za siri zinazolinda ujumbe na pesa. Kati ya saketi hiyo na programu zenye kiu yupo Ngiri: programu ndogo iitwayo draiva. Katika mfumo wa kompyuta wa Linux huambiwa mambo mawili, baiti ngapi zinatakiwa, na kama isubiri au isisubiri. Hurudi na hesabu ya baiti ilizopata, au na namba hasi ya kusema nimeshindwa. Hesabu hiyo ndiyo mkia.

Mwaka 2021, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa DEF CON, watafiti wa kampuni ya Bishop Fox walieleza walichokikuta kwenye vifaa vidogo vinavyounganishwa na intaneti: waandishi wa programu kwa kawaida hawauangalii mkia. Saketi ikikawia, programu huchukua chochote kilichopo pale panapowekwa jibu, iwe ni sifuri, namba iliyojaa nusu, au mabaki ya kazi nyingine, kisha hukitengenezea ufunguo na kuendelea na safari. Kuna hata mikia inayodanganya. Mwaka 2019 prosesa za Ryzen 3000 za kampuni ya AMD zilipotoka, baadhi zilikuwa zikitoa jibu lilelile kila zikiulizwa, biti zote moja tupu, na mkia ukiwa juu kabisa. Ikabidi wenye mashine wangoje programu mpya ya ubao mama. Mwezi Septemba mwaka huohuo Linux nayo ikapatwa na ugonjwa wa Ngamia. Usomaji wa diski ulikuwa umeboreshwa, safari za diski zikapungua, na kumbe safari hizo ndizo zilizokuwa zikichangia ubahatishaji wakati mashine inawaka. Kompyuta fulani zikaganda, zikisubiri namba ambazo hazikuwa njiani. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akayaondoa maboresho yale kwanza, halafu kernel, yaani kiini cha mfumo, ikafunzwa kujitafutia ubahatishaji kwingine. Kwa maagizo ya kampuni ya Intel yenyewe, saketi yao ikikosa kujibu, ijaribiwe mara 10 kabla ya kukata tamaa. Mara 10 si milele, wala si mara moja. Kuna mtu aliyekaa akalifikiria jiwe lake.

Turudi mtoni. Kabla kamati haijavunjwa, mambo yaliharibika zaidi. Koo zilikuwa zimeongezeka, na baraza likataka kura nne kwa mkupuo: ya ngamia, ya ng'ombe, ya mbuzi na kondoo, na ya wanyama wa porini. Ngiri akapewa kigae cha kuandikia. Siku moja uvuli ulifika jiwe akiwa amepata mbili tu. Akaandika mbili. Chini yake zilikuwepo mbili za jana, hazijafutwa, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa azifute. Kanga akasoma kigae chote kuanzia juu hadi chini kwa sauti ileile, na wanyama wa porini wakapelekwa malka ya jana. Mamba, ambaye jana alichelewa kidogo, leo hakuchelewa.

Aliyekufa safari hii alikuwa ndama wa hirola.

Hirola hakupiga kelele. Alingoja kikao cha Alhamisi, akaomba nafasi.

"Wazee," alisema, "mimi sinywi sana. Ndiyo maana nyinyi mnapokimbilia maji mimi hubaki nyuma nikiangalia mikia. Tangu Jilaal iingie, mkia wa Karani umekuwa chini adhuhuri nyingi kuliko ulivyokuwa juu."

Wote wakageuka. Ngiri alikuwa amekaa juu ya mkia wake.

"Ni kweli?" Twiga akauliza.

"Ni kweli, Mzee."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia. Kila siku. Ukurasa wa pili."

"Mdomo wako ulisema ya kwanza!"

"Mdomo uliulizwa namba," Ngiri akasema. "Haukuulizwa kama namba ipo."

Pakawa na kimya, kisha kila mtu akazungumza pamoja. Mbuzi alitaka Ngiri afukuzwe. Nyani alikumbusha kwamba wakati wake hapakuwa na siku iliyokosa namba. Tumbili akasema cheti chake kinahusu matone tu na kisisomwe vinginevyo. Hirola akangoja tena. Ana ngozi ya mnyama aliyezoea kungoja.

"Simlaumu Karani sana," akaendelea. "Tulimpa njia mbili za kusema, tukasikiliza moja. Mimi naomba mambo matatu. Akienda akakuta ngozi tupu, azunguke kidogo, arudi tena, mara tatu hivi, maana Marabu huenda amechelewa tu. Ikishindikana, aseme kwa mdomo uleule, kwa sauti ileile, kwamba hakuna. Na Kanga asitangaze malka yoyote. La tatu, alfajiri kuna ubaridi na Marabu hutoa kuliko tunavyohitaji. Tuziandike kura hizo kwenye vijiwe, tuvitie kwenye kibuyu kilichofungwa, Kobe akilalie. Adhuhuri ikikosa, tutoe kijiwe kimoja, kikishatumika kitupwe mtoni kisirudi. Kibuyu kikiisha, tusimame juani."

"Tusimame juani!" Punda akasema.

"Adeer, wewe ukipoteza mmoja, ukoo wako umejaa kila mtaa wa Garissa, na kila mkokoteni una ndugu yako. Mimi ukoo wangu wote, tukijikusanya, hatudhaniwi kufika 500. Kwangu siku ya kiu ni siku ya kiu. Siku ya namba ya uongo ni sehemu ya ukoo."

Lilikuwa shauri jema, na baraza lilitambua hivyo, ndiyo sababu lilikaa nalo muda mrefu. Kibuyu kilikubaliwa kimsingi na kuahirishwa hadi bajeti ya ziada. Kuzunguka mara tatu kulikubaliwa pia, lakini bila kuhamisha jiwe, kwa hiyo Ngiri alitakiwa kwenda mara tatu ndani ya muda uliokuwa haumtoshi kwenda mara moja. Likabaki lile neno la kusema hakuna. Hapo Twiga akasimama, na akisimama kikao huinua vichwa.

"Kuna jambo la heshima hapa," alisema. "Baraza haliwezi kupiga mbiu kwamba halina. Wageni watasema nini? Watu wetu watasema nini? Wakisikia hivyo mara mbili hawatakuja tena kwenye mbiu, kila ukoo utajishukia mtoni unavyotaka, na hapo ndipo Mamba atakaposhiba. Tatizo letu ni mkia. Ule mkia ndio unaoleta taharuki."

Nakiri kwamba hoja yake ya katikati ilikuwa na uzito. Umma ukizoea mbiu tupu huacha kusikiliza mbiu. Alichokosea ni dawa. Azimio lilipita kwa kura zote ila moja: mkia wa Karani Ngiri ufungwe kamba ya mkonge kwenye kijiti, usimame wima wakati wote wa kazi, ili kutoa taswira ya uthabiti. Nyani akapewa zabuni ya kijiti.

Basi wakapata karani ambaye mdomo wake na mkia wake vilikubaliana. Ripoti ya robo mwaka ilionyesha mafanikio ya asilimia mia. Mamba alinenepa, mawe yakanyamaza tumboni.

Ngiri alivumilia hali hiyo kwa muda. Si shujaa, ni karani, ana watoto wanaolala kwenye shimo la kuazima. Lakini kuna kazi ambayo mtu aweza kuifanya vibaya kwa kutojua, akilala usingizi, na kuna kazi ileile ambayo akishajua hawezi. Alikuwa ameshajua. Kila adhuhuri alipiga magoti, akaona ngozi tupu, akazunguka, akarudi, uvuli ukafika, na kamba ikamvuta mkia juu kwa niaba yake.

Siku ambayo upepo ulikuwa umekufa na mto umetulia tuli, aliitafuna kamba. Akarudi barazani akitembea, mkia chini, akasimama mbele ya Kanga.

"Namba?"

Ngiri akanyamaza.

"Namba!"

Akanyamaza. Punda akalia. Mbuzi wakamsukuma kwa pembe. Twiga akashusha shingo hadi chini, jambo analolifanya kwa nadra na kwa hatari, akamwambia usoni kwamba kuna vyeo na kuna pensheni. Ngiri akatikisa kichwa. Hapo Kanga, mpiga mbiu wa miaka yote, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizunguka nyuma ya Ngiri, akautazama mkia. Akaangalia kwenye kumbukumbu, ukurasa wa pili. Akafunga mdomo.

Wakasimama juani. Ilikuwa adhuhuri mbaya kuliko zote, na sitaipamba: ndama walilala chini, wazee walizirai, matusi yalitoka ambayo hayaandikiki, mengi yakimhusu mama yake Ngiri. Mamba alilala malka ya kwanza tangu saa nne, pua nje. Saa kumi na moja na nusu jua likalegea, kipepo cha mtoni kikavuma, Marabu akasahau miguu yake. Tone moja. Mraba wa sita. Ngiri akakimbia kurudi, mkia wima bila kijiti, Kanga akapaza, koo zikashuka malka ya sita, zikanywa hadi usiku. Hakuchukuliwa hata mwanambuzi.

Kesho yake Ngiri alifukuzwa kazi kwa kosa la kuchelewesha maji. Barua ilitaja saa alizochelewesha, idadi ya waliozirai na gharama ya kuwahudumia. Waliorudi salama hawakutajwa, kwa kuwa fomu haikuwa na sehemu ya kuwaandika.

Nafasi ikatangazwa. Walijitokeza wengi, akapita Kasuku. Katika usaili, Hirola alipewa nafasi ya swali moja kwa heshima ya uzee wake, akamuuliza Kasuku atafanya nini siku ambayo Marabu hatadondosha kitu. "Ya tatu," Kasuku akajibu kabla swali halijaisha, na baraza likampa mshahara wa Ngiri na nusu juu yake.